Uteuzi wa Anwani ya Barua Pepe ya Umma kwa Biashara Ndogo nchini Tanzania: Usikivu wa Jina na Umiliki wa Kisanduku

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna biashara ndogo inavyoweza kuteua anwani ya barua pepe itakayotangazwa kwa umma. Hoja kuu ni kwamba anwani hiyo inapaswa kupimwa kwa maswali mawili kabla ya mengine yote. Je, mtu aliyeisikia mara moja anaweza kuiandika bila kukosea? Na je, siku aliyeifungua atakapoondoka, biashara itabaki nayo? Swali la kwanza linachambuliwa kwa kuzingatia matamshi na tahajia ya Kiswahili. La pili linachambuliwa kwa kuzingatia taratibu za urejeshaji wa nenosiri, usajili wa vikoa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Majina yote ya biashara yaliyotumika kama mifano ni ya kubuni.

1.0 Utangulizi

Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 inaitambua kuwa biashara ndogo ile yenye wafanyakazi 5 hadi 49 na mtaji unaozidi shilingi milioni 5 lakini usiovuka milioni 200. Iliyo chini ya viwango hivyo huhesabiwa kuwa biashara ndogo sana. Katika makundi yote mawili, mazungumzo ya kila siku na wateja hufanyika kwa simu na kwa WhatsApp, na si ajabu kumkuta mwenye karakana aliyefanya kazi miaka kumi bila kuandika barua pepe hata moja.

Hata hivyo, mara biashara inapoanza kushughulika na taasisi, hali hubadilika. Shule inayotaka madawati huomba ankara ya awali kwa barua pepe. Hoteli inayonunua mboga hutuma oda kwa njia hiyohiyo. Anayefungua akaunti katika mfumo wa usajili wa BRELA, au katika mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, hutakiwa kutoa anwani ya barua pepe, na taarifa za mfumo hupitia humo. Kwa hiyo barua pepe zinazoingia katika biashara ndogo huwa chache, lakini ndizo zenye uzito. Duka likipoteza ujumbe mmoja wa WhatsApp unaouliza bei ya kitasa, hasara ni ndogo. Likipoteza barua moja yenye oda ya madawati 200, msimu mzima umepotea, na huenda mwenye duka asijue kamwe kwamba barua hiyo iliwahi kuandikwa.

Katika makala haya, "anwani ya umma" ni ile inayoandikwa kwenye bango, mhuri, stakabadhi, kadi na fomu za serikali ili mtu yeyote aitumie. Inatofautiana na anwani ya mtu binafsi, na pia na anwani za ndani ambazo wafanyakazi huandikiana. Mtangulizi wake hapa nchini ni Sanduku la Posta. Biashara nyingi zilianza kwa kuazima S.L.P. ya shule, kanisa, msikiti au ofisi ya jirani, na barua ilifika kwa sababu karani wa sanduku hilo alimjua kila mtu. Mazoea hayo ya kuazima yamehamia kwenye barua pepe, ila huko hakuna karani anayemjua mtu. Kompyuta haiwezi kukisia barua ilikusudiwa nani.

2.0 Muundo wa Anwani kwa Ufupi

Anwani ya barua pepe ina sehemu mbili zinazotenganishwa na alama ya @, alama ambayo Ray Tomlinson aliichagua mwaka 1971 alipotuma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Sehemu ya mbele hutaja kisanduku, nayo sehemu ya nyuma, yaani kikoa, hutaja mahali kisanduku kilipo. Kikoa kinaweza kuwa cha mtoa huduma wa bure, kama vile Gmail au Yahoo, au kikawa cha biashara yenyewe. Kwa Tanzania, biashara husajili kikoa chake chini ya co.tz kupitia wasajili waliopewa idhini.

Tofauti hiyo ina athari moja ambayo wengi huipita. Kwenye kikoa cha mtoa huduma wa bure, biashara inashindania jina na dunia nzima. Jina zuri limekwishachukuliwa, na ndiyo maana tunaona anwani zenye mikia ya tarakimu, kama "bora2", "bora255" na "bora1987". Kwenye kikoa chake yenyewe, biashara inashindania jina la kikoa tu; ikishalipata, sehemu ya mbele iko huru kabisa.

3.0 Anwani Husikika Kabla ya Kuandikwa

Miongozo ya biashara kwa kawaida huitazama anwani kama kitu cha kusomwa, hivyo hushauri iwe fupi na yenye kupendeza machoni. Katika mazingira ya Tanzania anwani hupita kinywani na masikioni kwanza. Mwenye duka humtajia mteja kwa simu huku pikipiki zikipita. Humtajia fundi wa mabango, naye huikariri hadi afike kwenye rangi zake. Karani wa shule huinakili kutoka kwenye mhuri uliofifia. Katika kila hatua kuna mwanya wa kosa, na kosa la herufi moja linatosha kuifanya barua isifike.

Kiswahili kinaanza na faida kubwa hapa. Tahajia yake sanifu, ambayo Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilipewa jukumu la kuisimamia, iko karibu sana na matamshi na haina alama juu ya herufi. Neno kama "tumaini" au "mwangaza" likitamkwa mara moja, kila ajuaye kusoma ataliandika sawasawa. Jina la Kiingereza halina uhakika huo. Fundi cherehani aliyeita biashara yake "Quality" atapokea, au tuseme hatapokea, barua zilizoandikwa "kwaliti", "qality" na "quolity". Si hoja ya uzalendo wa lugha. Ni hoja ya barua kufika.

Faida hiyo ina mipaka, nayo mipaka yenyewe inafaa kuchunguzwa kwa makini kuliko inavyofanywa.

Mpaka wa kwanza ni sauti ambazo wasemaji wengi hawazitofautishi katika mazungumzo: th na s, dh na z, gh na g, na kwa baadhi ya maeneo, l na r. Mfano unaofaa ni wa muuza samani anayefikiria kuita biashara yake "Samani Bora". Mteja anayesikia jina hilo kwa simu anaweza kuandika "thamani bora", na hana kosa, kwa kuwa maneno yote mawili yapo, yote mawili yanaleta maana dukani humo, na wasemaji wengi huyatamka kwa namna moja. Vivyo hivyo kwa "riziki" na "ridhiki", au "dhahabu" inayotamkwa "zahabu". Mfanyabiashara aliyekwisha kulipenda jina la namna hiyo si lazima aliache. Anaweza kusajili tahajia zote mbili na kuelekeza ile ya pili kwenye kisanduku kilekile. Akiwa bado hajachagua, ni nafuu kutafuta neno jingine.

Mpaka wa pili unatokana na umbo la neno la Kiswahili. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na anwani haina nafasi kati ya maneno. Neno la pili likianza na irabu ileile iliyofunga la kwanza, irabu mbili hugongana na moja humezwa. "Dawa asilia" inakuwa "dawaasilia", nayo masikioni ni "dawasilia". "Sabuni imara" inakuwa "sabuniimara", na mwandishi wa haraka ataandika i moja. Pengine maneno yaliyounganishwa huzaa neno jingine, kama "kukuwazuri", ambalo mfugaji alikusudia lisomwe "kuku wazuri" lakini wapo watakaolisoma kuwa kosa la tahajia la "kukua". Kuweka kistari kati ya maneno huondoa utata kwa msomaji, lakini humwongezea msikilizaji mzigo, kwa sababu sasa lazima aambiwe kwamba kuna kistari.

Ritifaa ya ng' nayo ni tatizo la aina yake. Kanuni za kiufundi zinairuhusu katika sehemu ya mbele ya anwani lakini hazikiruhusu kikoa kuwa nayo, na fomu nyingi za mtandaoni huikataa popote ilipo. Nyumba ya wageni iliyopewa jina la "Ng'ambo" italazimika kuandikwa "ngambo" kwenye anwani. Bango likiandikwa kwa ritifaa juu na bila ritifaa chini, mgeni atajiuliza ipi ni sahihi.

Jambo linaloleta madhara makubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi, ni kutaja herufi moja moja kwa simu. Watanzania hutaja herufi kwa mchanganyiko wa majina ya Kiswahili na ya Kiingereza, mara nyingi ndani ya neno lilelile. Herufi e ikitajwa kwa Kiingereza husikika kama i ya Kiswahili. Herufi i ikitajwa kwa Kiingereza husikika "ai", na msikilizaji anaweza kuandika zote mbili. Herufi r kwa jina lake la Kiingereza haina tofauti na a ndefu ya Kiswahili. Mtu anayetaja "e" na mtu anayeandika "i" wote wako sahihi, kila mmoja kwa lugha yake. Kutokana na hali hiyo, anwani nzuri ni ile isiyohitaji kutajwa herufi kwa herufi. Vifupisho vya herufi za mwanzo, kama "jrte" kwa jina refu la kampuni, huonekana nadhifu kwenye kadi lakini ndivyo vinavyoteseka zaidi kwenye simu.

Tarakimu na alama zinaingia katika hesabu hiyohiyo. "Mbili" ni tarakimu au neno? Sifuri ni 0 au herufi o? Kistari cha chini hupotea kabisa anwani inapopigiwa mstari, na kwenye mhuri wino hukijaza. Nukta ina udanganyifu wake: Gmail huipuuza katika sehemu ya mbele, kwa hiyo mwenye anwani ya Gmail hujenga mazoea ya kuitaja au kuiacha apendavyo, akihamia kwa mtoa huduma anayeihesabu, mazoea hayo humpotezea barua.

Upo mtihani rahisi wa kupima yote haya. Kabla ya kuchapisha chochote, mwenye biashara awapigie simu watu watatu, aitaje anwani mara moja tu kwa kasi ya kawaida, kisha aombe kila mmoja atume ujumbe mtupu. Ni vyema mmoja awe mtu mzima asiyezoea kompyuta, na mwingine awe wa mkoa ambao lafudhi yake ni tofauti. Kwa wenye nyumba za wageni Zanzibar au Arusha, wa tatu awe mtu asiyejua Kiswahili, maana faida ya tahajia iliyoelezwa hapo juu haimsaidii. Jumbe zisipofika zote tatu, jina halijafaa.

4.0 Sehemu ya Mbele: Jina la Mtu au la Kazi

Mwaka 1997 ulichapishwa waraka wa kiufundi unaojulikana kama RFC 2142, ulioorodhesha majina ya visanduku yanayopaswa kutambulika katika taasisi yoyote, yakiwemo "info", "sales" na "support". Msingi wake ni kwamba mwandikaji kutoka nje hamjui aliye ndani. Anachokijua ni kazi anayotaka ifanyike. Kwa hiyo kisanduku kitajwe kwa kazi.

Msingi huo unaifaa biashara ndogo hata pale ambapo mwenye mali ndiye karani, mhasibu na dereva. Anwani yenye jina lake binafsi humfungia mlango atakapoajiri, kwa sababu wateja wataendelea kumwandikia yeye. Huchanganya pia barua za ankara na za harusi. Biashara inayouza ndani ya nchi haina sababu ya kung'ang'ania "info". Neno hilo limezoeleka kiasi kwamba watumaji wa barua taka hulijaribu kwenye kila kikoa bila kujua kama lipo. "Mauzo", "oda" au "ofisi" hutamkika na kuandikika bila shida, na hueleza kazi. Mwenye wageni wa nje anaweza kutumia "karibu", neno ambalo watalii wengi hulijua kabla hawajashuka kwenye ndege. Hivyo karibu@mfano.co.tz, ambapo "mfano" linasimama badala ya jina la biashara, ni anwani inayosikika, inayokaribisha na isiyomtaja mtu.

Kisichofaa ni kuanzisha visanduku vingi ili biashara ionekane kubwa. Anwani tano zinazosomwa na mtu mmoja ni nafasi tano za kusahau. Moja inatosha, ikiwa itafunguliwa kila siku ya kazi.

5.0 Kisanduku ni cha Nani?

Hali ifuatayo inafahamika katika miji yetu. Mwenye biashara hana mazoea na kompyuta, kwa hiyo humwomba kijana wa ukoo, au mfanyakazi wa kwanza aliyesoma, amfungulie barua pepe. Kijana huifungua kwenye simu yake, huweka namba yake ya simu kuwa ya kurejesha nenosiri, na kazi inaendelea. Miaka minne baadaye kijana amehamia mkoa mwingine, au wamegombana, au laini yake imepotea. Anwani iko kwenye bango, kwenye mhuri, kwenye mikataba na kwenye mfumo wa BRELA. Mwenye mali hawezi kuingia.

Katika hali hiyo, haki iko upande gani? Akaunti ya bure ni makubaliano kati ya mtoa huduma na mtu aliyeifungua. Cheti cha usajili wa jina la biashara hakimfanyi mwenye cheti kuwa mwenye akaunti hiyo. Msimbo wa kurejesha nenosiri hutumwa kwa laini ya simu, na laini imesajiliwa kwa alama za vidole za kijana yule. Laini ikikaa bila kutumika kwa muda mrefu, kampuni ya simu inaweza kumpa mtu mwingine namba hiyo. Zaidi ya hayo, tangu Desemba 2023 Google imeweza kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka 2. Hakuna mwizi katika simulizi hii. Kila mmoja alifanya jambo la kawaida, na biashara ikapoteza mlango wake.

Kikoa cha biashara yenyewe kinatatua tatizo hili kwa sharti moja tu, kwamba kimesajiliwa kwa jina la biashara au la mmiliki wake. Mara nyingi mtengeneza tovuti hukisajili kwa jina lake kwa kurahisisha kazi, na tatizo la kijana wa ukoo hurudi likiwa limevaa suti. Kabla ya kulipa, mwenye mali aulize ni jina la nani limeandikwa kama mwenye kikoa, na taarifa za kukumbusha malipo zinatumwa wapi. Zikitumwa kwenye anwani iliyo ndani ya kikoa hichohicho, siku kikoa kitakapokwisha muda hata ukumbusho wa mwisho hautafika.

Hapa inafaa kupinga ushauri unaotolewa kwa wepesi kwamba kila biashara inunue kikoa. Kikoa hulipiwa ada kila mwaka. Kisipolipiwa, barua hukoma kuingia. Na kikichukuliwa na mtu mwingine, yeye ndiye atakayepokea barua zote zinazoendelea kutumwa kwa anwani za zamani, zikiwemo zile za kubadili nenosiri la huduma nyingine. Anwani ya bure iliyotunzwa vizuri ni salama kuliko kikoa kilichotelekezwa. Mama lishe anayepokea oda mbili za ofisi kwa mwezi anaweza kubaki na anwani ya bure, mradi imefunguliwa kwa jina la biashara, namba ya kurejeshea ni ya kwake mwenyewe, na nenosiri limeandikwa kwenye daftari linalofungiwa pamoja na leseni.

Kinachoelekeza mizani upande wa kikoa ni biashara kuanza kutuma ankara. Tapeli anayetaka kuelekeza malipo kwenye akaunti yake ya benki huhitaji anwani inayofanana na ya muuzaji, na kwa mtoa huduma wa bure anaweza kufungua "bora256" pembeni ya "bora255" kwa dakika chache. Mteja aliyezoea kuona mkia wa tarakimu hatashtuka. Kikoa cha biashara humpa mteja kitu cha kushikilia: lolote lisilotoka humo si letu. Kikoa pia huweza kulindwa kwa taratibu za uthibitisho ziitwazo SPF, DKIM na DMARC, ambazo humwezesha mpokeaji kutambua kama barua imetumwa na seva iliyoruhusiwa. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo hutaka kila mtumaji awe walau na moja kati ya mbili za kwanza. Asiyekuwa nayo barua zake hujikuta kwenye barua taka, au hukataliwa. Anayenunua kikoa amtake fundi aweke taratibu hizo siku ileile.

Suala la umiliki lina upande wa sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtwika anayekusanya taarifa za watu jukumu la kuzilinda. Kisanduku cha nyumba ya wageni hujaa nakala za pasipoti. Cha duka la mikopo midogo hujaa namba za NIDA. Taarifa hizo zikibaki kwenye akaunti binafsi ya mfanyakazi aliyeondoka, aliyezikusanya bado ni biashara, na ndiyo itakayoulizwa.

6.0 Kuhama kutoka Anwani ya Zamani

Biashara iliyogundua kwamba anwani yake haisikiki vizuri au haiko mikononi mwake haina budi kuhama, na kuhama kuna mpangilio wake. Kwanza zibadilishwe akaunti zinazotegemea anwani hiyo kurejesha nenosiri: benki, mamlaka ya mapato, BRELA, NeST. Hizi zikiachwa mwisho, kila kitu kingine kinaweza kupotea. Kisha kisanduku cha zamani kiwekewe jibu la kujiendesha lenye anwani mpya, na kisifungwe. Shule na halmashauri hufanya kazi kwa mzunguko wa bajeti, na karani wa ununuzi anaweza kurudi kwenye faili la mwaka juzi. Mwaka mmoja ni mfupi. Miwili inafaa zaidi.

Mhuri mpya huchongwa kwa siku moja na stakabadhi huchapishwa zile za zamani zikiisha. Bango ndilo huchelewa, kwa sababu rangi bado ni nzuri na fundi anataka malipo ya bango zima. Anaweza kuombwa apake msingi juu ya mstari mmoja na kuandika upya mstari huo tu, akisomewa anwani kutoka kwenye karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa na zilizoachana, na mwenye mali akiwa amesimama chini ya ngazi hadi herufi ya mwisho.